Kamba ya Mukantwari

Ukiingia kwa Mukamazimpaka kushonesha gauni, usitafute daftari. Hakuna. Kuna msumari mmoja mrefu juu ya cherehani, na kwenye msumari ule zinaning'inia kamba za vitenge zaidi ya mia mbili, kila moja upana wa vidole viwili, kila moja na mafundo yake matano. Kila kamba ni mwanamke mmoja. Kutoka nchani hadi fundo la kwanza ni mabega, la pili kiuno, la tatu kifua, la nne nyonga, la mwisho urefu wa gauni. Mukamazimpaka hakukaa darasani hata siku moja. Lakini mteja wa miaka kumi iliyopita akitokea mlangoni, atanyoosha mkono juu bila kugeuza kichwa na kushika kamba yake kati ya zote, maana kila kamba imekatwa kwenye kitambaa cha kwanza ambacho mwenyewe alikileta.

Ndiyo maana wiki ile mlima wa ng'ambo ulipolipuka na kuta za Gisenyi zikapasuka, majirani walitoka mbio na watoto, redio na magodoro, yeye akatoka amekumbatia kamba. Cherehani aliiacha ndani. Watu wa mtaa wa Waislamu wanamcheka hadi leo. Mwanawe Twahir, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, ndiye anayecheka kuliko wote.

Tena ni mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa sukari nyingi, anakagua chini ya kikombe. Hakuzaliwa hivyo. Kuna mwaka alikuja bwana mmoja mwenye kamera, akaazima picha ya mama mkwe wake, ile ya pekee, amevaa kanga mpya na bangili mpaka kiwiko. Alisema ni ya maonyesho, atairudisha Ijumaa. Ijumaa ngapi zimepita? Kadiri, mume wake, alikufa akiulizia ile picha. Mwaka mwingine walikuja watu wawili wapole kuandika majina ya mafundi wa barazani. Mafundi wakafurahi, wakataja majina yote mpaka ya ubatizo. Mwezi uliofuata wakaambiwa baraza zifungwe. Tangu hapo, akimwona mtu na kalamu, Mukamazimpaka anashika mkasi.

Kati ya zile kamba mia mbili na zaidi kuna moja iliyokaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, ya kitenge cha buluu chenye maua ya njano. Hiyo ni ya Mukantwari.

Mukantwari ndiye aliyemfundisha kazi. Siku zile cherehani zote za barazani zilikuwa za wanaume. Mwanamke akishona, alishona kwa mkono, ndani, mlango umefungwa. Mukantwari akanunua cherehani kuukuu ya mfanyabiashara aliyekuwa anahama, akaibeba begani mwenyewe kutoka ufukweni mpaka karibu na msikiti, akaiweka katikati ya wanaume. Wanaume wakasogeza viti vyao mbali naye. Yeye akatandaza mkeka pale walipopaacha, akasema, "Aksanti, munanipa fasi." Wakamcheka, wakamuuliza atapimaje suruali za wanaume. Akajibu, "Suruali zenu muzipime wenyewe. Mi napima bibi zenu. Wamechoka kupimwa na nyinyi." Kabla ya Idi ile, foleni ya wanawake ilifika barabarani.

Mukamazimpaka aliletwa kwake na shangazi kutoka upande wa Mahoko, ana miaka kumi na minne, kichwa kimejaa vumbi na kiburi. Mukantwari naye hakujua kusoma, kwa hiyo alimfundisha kamba. Alimfundisha pia sheria ya kamba. Mafundo hayafunguliwi mtu akiwa hai. Mteja akifa, wanawake wa nyumba yake wanakuja, fundi anafungua fundo moja moja huku akimtaja jina, na kitambaa kilichonyooka kinarudi nyumbani pamoja nao. Mwislamu, Mkatoliki wa Nyundo, wote ni hivyo hivyo.

Na siku fundi anapokubali kupimwa na mwanafunzi wake, ndiyo siku mwanafunzi amekuwa fundi. Siku hiyo ilifika. Mukantwari alisimama mikono imenyooka, akapimwa kwa ukanda uliokatwa kwenye kitenge alichojifunga, akacheka, akasema, "Maisha yangu yote nashonea watu. Kesho navuka Goma kutafuta nyuzi, nitaleta na kitambaa. Nikirudi, unishonee." Akavuka asubuhi. Upande ule vita ikaanza kabla ya jioni. Hakurudi.

Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini na mitano. Watu wakamwambia Mukamazimpaka, fungua ile kamba, umwombee, umpumzishe. Akakataa. Nani ameona kaburi? Maadamu fundo limekaa, Mukantwari ana mabega, ana kiuno, yuko mahali anatembea.

Basi asubuhi moja ya mwaka huu msichana mmoja akashuka kwenye moto mbele ya mlango, ana kofia ya dereva kichwani bado na begi kubwa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

Mukamazimpaka akashusha miwani. "Ile shikamoo unaitoa wapi? We ni mutu ya Tanzania?"

"Wazazi wangu walirudi kutoka kule. Mimi nakaa Rugerero. Naitwa Umuhire."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Hilo peke yake lilimtia Mukamazimpaka wasiwasi.

"Bon. Unashonesha?"

"Hapana, mama. Natafuta historia."

"Hapa tunauza gauni."

Umuhire akacheka, akakaa bila kuambiwa, akaeleza. Anafundisha vijana Jumamosi katika chumba cha kusomea karibu na soko. Wengi waliacha shule mapema. Anatengeneza sanduku la kuwafundishia historia ya wanawake, la vitu vya kushika na kugeuza mkononi, siyo karatasi tu. Amesikia habari za kamba.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Hiyo ndiyo mubaya zaidi. Mutu mwenye ametumwa, unajua fasi ya kumushitaki." Akavuta mkasi karibu. "Uende salama."

Angeishia hapo, lakini wiki iliyofuata Umuhire akarudi, safari hii amebeba sanduku lenyewe, la mbao, kubwa kama la bibi harusi. Hakuomba kitu. Alifungua kifuniko tu. Ndani kulikuwa na picha zilizobandikwa kwenye makaratasi magumu: mama wa mfalme wa zamani aliyechorwa kwa wino, wabunge, rubani, daktari. Mukamazimpaka akazipekua moja moja, akageuza na nyuma kuona kama kumefichwa kitu.

"Wote hawa ni wa wapi?"

"Kigali, Butare, wengine nje."

"Na wa hapa?"

"Wa hapa sina hata mmoja. Vijana wananiuliza kila Jumamosi. Nimeulizia mjini kote, mama. Nilipouliza nani alianza ushonaji wa barazani, nilitajiwa wanaume sita."

Mkasi ukalala wenyewe juu ya meza. "Sita? Na Mukantwari?"

"Mukantwari ni nani?"

Umuhire hakujua kwamba swali lile dogo lilimchoma mwenzake kama sindano chini ya kucha. Mukamazimpaka alitazama ile kamba ya buluu ukutani. Akimficha Mukantwari pale nyuma ya msumari, atabaki salama na hakuna atakayemjua. Akimtoa, ndiyo ile picha ya mama mkwe tena. Aliwaza vyote viwili, na vyote viwili vilikuwa vibaya.

"Simama," akasema mwisho.

"Mama?"

"Simama, nyoosha mikono. Ile shali yako, lete."

Akakata ukanda kwenye shali ya Umuhire bila kuuliza bei yake, akampima mabega, kiuno, kifua, nyonga, urefu, akakaza mafundo matano na kutundika ukanda ule mbele kabisa ya msumari.

"Mwili yako inabaki hapa. Ukikimbia na vitu yangu, mi najua kiuno yako."

Twahir, aliyekuwa mlangoni anafuta moto yake, akapiga kelele, "Yewe, mama amemukamata mateka! Mwalimu, ulipie chakula, hapa mateka wanakula maharagi tu."

Mukamazimpaka akatoa kamba arobaini, na ya arobaini na moja ikawa ile ya buluu. Akazihesabu mara tatu. Akatoa na masharti. Asizikate. Asizipeleke Kigali. Asimwazime mtu. Asiziweke karibu na panya. Asipige picha bila kumwita. Jumamosi mbili tu, ya tatu zirudi msumarini. Alitaja kila kitu ambacho mwizi anaweza kufanya. Kufungua mafundo hakukutaja. Nani angekutaja? Ni kama kumwambia mgeni asifukue kaburi la uani. Umuhire naye hakuuliza, kwa sababu kamba alizisikia kuwa ni vipimo tu, na ile sheria ya wafu hakuna aliyemwambia.

Jumamosi ya kwanza ikapita, Mukamazimpaka halali vizuri. Alishona mkono wa gauni mahali pa shingo. Akamwuliza muuza mkaa kama amewahi kumwona mwalimu mmoja wa Rugerero anavuka mpaka na begi. Akamwuliza na muuza maziwa. Jumamosi ya pili akamwita Twahir.

"Pita kule, uangalie. Usiingie kama mupelelezi."

"Sasa niingie kama nani?"

"Kama mutu anatafuta abiria."

Twahir akaenda, akarudi baada ya nusu saa, anatafuna karanga.

"Ziko. Zote. Ulikuwa unajisumbua bure, mama. Tena wamezifua, ziko safi kabisa! Kasichana kamoja kanazipiga pasi, zinalala mezani zimenyooka, hata fundo moja hakuna."

Mukamazimpaka alisimama na miwani ikaanguka. Hakuiokota.

Chumba cha kusomea kilinuka sabuni na mkaa wa pasi. Vijana kama kumi walikuwa wameizunguka meza, na mezani kamba arobaini na moja zimelala sambamba, zimenyooka, kila moja na kikaratasi chake cha vipimo. Anayepiga pasi alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, Belise, mtulivu, mwenye macho yanayotangulia mdomo. Ndiye aliyemwona Mukamazimpaka kwanza, na ndiye aliyeelewa kwanza kwamba kuna jambo. Akainua pasi juu na kubaki ameishika hewani.

"Mama!" akasema Umuhire kwa furaha. "Umekuja kuona? Zilikuwa na vumbi la miaka, tukaona tuzisafishe kabla ya—"

"Nani alikuambia ufungue?"

"Mafundo? Nimeandika vipimo vyote kwenye daftari kwanza, mama, kwa sentimita. Hakuna kilichopotea."

"Kwenye daftari." Mukamazimpaka aligusa kamba ya kwanza. "Huyu ni mke wa imamu. Juzi tu nilimushonea, anapenda mikono mirefu. Leo munamuzika." Akagusa ya pili. "Huyu anauza ndizi pale chini, mumepita kwake asubuhi. Munamuzika." Akaenda hivyo mpaka katikati ya meza, na kijana mmoja aliyetaka kucheka akaacha. Ndipo akawaambia sheria ya kamba, kwa maneno machache, kama mtu anayetema mbegu. Akafika kwenye ile ya buluu. Aliiokota, akaifunga kiganjani.

Uso wa Umuhire ulikuwa umekauka. "Sikujua, mama. Wallahi sikujua."

"We si Mwislamu, acha wallahi yangu." Akamtazama vizuri. Aliwaza kwamba labda wamefanya kusudi, labda kuna mtu alitaka Mukantwari afe rasmi, aandikwe, afungwe kwenye karatasi. Aliwaza mengi, mengine hata hayakuwa na kichwa wala miguu. Alikuwa amejiandaa miaka yote kwa mwizi, na aliyekuja hakuwa mwizi. Mwizi ungemtukana. Huyu amekuja na sabuni.

Belise akaweka pasi chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, munisamehe. Ni mimi nilifungua. Nilitaka zikuwe muzuri. Lakini hazikukubali kutakata. Nimefua mara tatu, ile mistari haitoki."

"Mistari gani?"

"Ile nyeusi-nyeusi. Kila moja iko nayo tano."

Mukamazimpaka akainamia meza. Halafu akafungua kiganja polepole, akaenda dirishani, akaiinua ile kamba ya buluu kwenye mwanga. Kitambaa chote kilikuwa kimepauka, buluu imekuwa kama maji ya mvua na maua ya njano hayaonekani. Lakini mahali pa tano palikuwa na ukanda mwembamba wa buluu kali, mbichi, na ua la njano linang'aa kama limepakwa jana. Ndani ya fundo jua halikuingia. Kila fundo lilikuwa limeficha rangi yake miaka yote ile.

"Leteni kiti," akasema.

Akakaa. Akawaita vijana mmoja mmoja, kila mtu achukue kamba yake na atafute ukanda wenye rangi. Akawaonyesha namna fundo linavyokula kitambaa, vidole vitatu kwa fundo moja, na kwamba ukifunga pembeni ya rangi hata kidogo, umempa mtu kiuno cha mwingine. Walikosea, akawapiga vidole kwa rula ya Umuhire. Kijana yule aliyetaka kucheka alifunga vibaya mara nne. Akaambiwa, "We, huyu mama umemupa kifua ya ng'ombe. Fungua, na umuombe radhi." Wakacheka sasa, na yeye hakuwakataza. Kila aliyemaliza aliuliza, huyu ni nani, na Mukamazimpaka alijibu huku anakagua fundo: huyu alijenga nyumba kwa kuuza mandazi mpakani. Huyu alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya mtaa wetu, huenda na wewe. Huyu mume alimkataza kuvaa nyekundu, ndiyo maana kamba yake yote ni nyekundu.

Umuhire aliandika mpaka kalamu ikakauka. Mukamazimpaka alimwona anaandika, na mkono wake haukutafuta mkasi. Lakini alimwambia amsomee kila ukurasa, mara mbili, na mahali aliposikia neno lililoongezwa alisema, "Futa."

Jua lilipofika mezani, kamba arobaini zilikuwa na mafundo. Ya buluu ilibaki.

"Hii nani anafunga, Bibi?" Belise akauliza.

Mukamazimpaka aliitandaza juu ya goti. Akaweka vidole vitatu kwenye ukanda wa kwanza, akahesabu kwa midomo, akaenda wa pili. Alikuwa anajua kufunga. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na Mukantwari angerudi kutembea mahali asipojulikana, miaka mingine ishirini na mitano, kiuno kipo, gauni hakuna. Alipomaliza ukanda wa tano alisema jina, mara moja tu. Mukantwari. Halafu, kwa kuwa wanawake wa nyumba yake hawakuwepo, kitambaa kilichonyooka alikikunja na kukitia kifuani mwake yeye mwenyewe.

"Hii haifungwi," akasema. "Twahir anipeleke Mahoko. Kuna mutu kule anauza buluu ya zamani."

Alishona siku nne. Wateja walikuja na kurudishwa. Twahir alipouliza gauni ni la nani, akamjibu, "La boss." Alikata bila kumpima mtu, akitoa vidole vitatu kwa kila fundo, na alipofika kwenye mabega alisimamisha mkasi, akahesabu tena, maana alikuwa amesahau upana wake.

Sasa gauni limetundikwa katika chumba cha kusomea, juu ya sanduku, na kikaratasi cha jina ambacho Mukamazimpaka alisomewa mara tatu. Siku lilipoletwa, wasichana waliomba kulijaribu. Akakataa, akakubali, akasema aanze aliyeharibu. Belise akaingia ndani ya gauni na karibu apotee. Mikono ikamfunika vidole, mabega yakaning'inia pembeni kama mabawa.

"Bibi, haya mabega yote ni yake?"

"Ni yake."

"Alikuwa anabeba nini?"

"Cherehani," akasema Mukamazimpaka. "Kutoka ziwani mpaka musikiti. Wanaume wanaangalia."

Kila Jumamosi anakuja. Kabla ya kusalimia mtu anakwenda ukutani, anaweka vidole kwenye mabega ya lile gauni, kwenye kiuno, kwenye pindo, kuona kama hakuna aliyelipunguza. Halafu ndiyo vijana wanamletea kiti, anakaa. Umuhire aliwahi kumwuliza, kwa heshima, kama ukanda wa shali yake unaweza kurudi sasa, maana kamba zote arobaini zimerudi msumarini na zimehesabiwa.

"Bado," Mukamazimpaka akamwambia. "Gauni yangu iko kwako."